Kupanda Ventoux kwa Baiskeli: Baba, Mama na Watoto Wawili

Kusini mwa Ufaransa, katika nchi iitwayo Provence, uko mlima uliosimama peke yake kama mzee aliyeachwa nyuma na wenziwe. Jina lake ni Ventoux, na watu wengi hulihusisha jina hilo na upepo. Milima mikubwa ya Alpi iko mbali upande wa mashariki. Chini yake kuna mashamba ya mizabibu na mizeituni. Kimo chake ni mita 1,909. Ukiutazama toka bondeni, hata wakati wa joto kali, utadhani kilele kimefunikwa na theluji. Kumbe ni mawe meupe ya chokaa matupu. Zamani mlima ulikuwa na misitu mizito, lakini watu waliikata miaka mingi, mbao nyingine zikaenda kuunda merikebu huko Toulon, na kondoo wakamaliza machipukizi. Katika karne ya 19 wakaanza kupanda miti upya, na hiyo ndiyo misonobari, mierezi na mialoni inayowapa wasafiri kivuli leo. Juu kabisa pamebaki upara.

Najua ndugu zangu wa Njombe watacheka. Watasema: Mita 1,909? Mbona ni kimo cha mji wetu, nasi twalima viazi na kuoza binti zetu huko huko bila kujisifu? Ni kweli. Lakini anayepanda Ventoux haanzii Njombe. Kijiji cha Bédoin, ambako wengi huanzia, kiko mita 300 hivi tu juu ya bahari. Wanaoijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto watanielewa upesi. Ile ni kilometa 30 na kitu, na msafiri hupanda kama mita 1,000. Hata dereva wa basi hushusha pumzi akifika. Toka Bédoin ni kilometa 21 tu, na ndani yake umepanda mita 1,600. Si wembamba wa hewa unaowatesa watu pale, ni mpando wenyewe usiopumzika.

Sababu ya kuandika habari za mlima wa mbali hivi ni kwamba mdogo wangu anaishi Avignon, mji ulio karibu na mlima huo, pamoja na mkewe na watoto wao wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 10. Mwaka huu aliniletea habari kwamba wameazimia kupanda Ventoux kwa baiskeli, wote wanne. Aliniomba shauri kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake, na tena kwa kuwa baiskeli ni kazi yangu. Karani wa parokia yenye vigango saba hana haja ya kufundishwa maana ya kilima, hasa akiwa na daftari za ubatizo nyuma ya kiti na mvua mbele yake. Basi kwa miezi mitatu tumekuwa tukiandikiana, yeye, shemeji, watoto na mimi, ramani ya mlima ikiwa mezani pangu kando ya kitabu cha zaka. Mengi tuliyoyazungumza yaweza kumfaa hata mtu ambaye hataiona Ufaransa kamwe, maadamu ana baiskeli, ana watoto, na ana kilima.

Barabara za lami za kufika kileleni ni tatu. Ya kwanza ni hiyo ya Bédoin, upande wa kusini. Ya pili yatoka Malaucène, upande wa kaskazini-magharibi, nayo ni ndefu na kali karibu sawa na ya kwanza. Ya tatu yatoka Sault, upande wa mashariki. Sault ni kijiji kilichokaa juu ya mwamba, nacho kiko juu tayari, zaidi ya mita 700, kikiwa kimezungukwa na mashamba ya lavanda, yale maua ya zambarau ambayo mafuta yake hutiwa katika sabuni na manukato. Toka hapo hadi kileleni ni kilometa 26. Njia ni ndefu kuliko zile mbili, lakini mpando wake kwa wastani haufiki mita 5 katika kila mita 100 uendazo, ambapo njia ya Bédoin ni mita 7 na nusu, na ndani ya msitu hushika 9 na kuzidi kwa karibu kilometa 10 mfululizo. Mahali paitwapo Chalet Reynard, penye kimo cha mita 1,417, njia ya Sault na ya Bédoin hukutana. Kilometa 6 zilizobaki ni za wote, nazo ni za mawe meupe, jua na upepo.

Mtu mwenye akili timamu akipewa ramani hii pamoja na mtoto wa miaka 10 atachagua Sault. Mdogo wangu alichagua Bédoin, tena mwezi wa Julai.

Sababu yake naifahamu. Mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, yaitwayo Tour de France, yalipita juu ya mlima huu mara ya kwanza mwaka 1951, na mara nyingi mashujaa wamepanda kwa upande wa Bédoin. Kazini kwake wenziwe walimwambia kwamba aliyepita Sault hajaupanda Ventoux, ameuzunguka tu. Maneno kama hayo humchoma mwanamume, hasa mgeni katika nchi ya watu. Kipo hata chama cha watu wanaojiita wendawazimu wa Ventoux. Sharti la kuingia ni kupanda kwa njia zote tatu katika siku moja. Siwalaumu, maana jina walijichagulia wenyewe.

Tena yeye alikuwa na sababu nyingine, nayo ilinigusa hata mimi. Tarehe 14 Julai 2013 aliyeshinda juu ya Ventoux katika mashindano hayo alikuwa Chris Froome, mtu wa Uingereza, lakini amezaliwa Nairobi mwaka 1985, na ujanani alifunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu, mahali ambapo kimo chake hakipungui kile cha Ventoux. Mwaka huo Froome alishinda mashindano yote, na baadaye tena mara tatu. Mdogo wangu aliniandikia hivi: "Kaka, mtoto aliyefundishwa baiskeli kwetu Afrika ya Mashariki amewashinda wote katika mlima huu. Nataka watoto wangu wapite palepale alipopita."

Nilimjibu kwamba maneno yake ni mazuri, lakini asome na ukurasa wa pili. Mwaka 2016, tarehe 14 Julai vile vile, Froome alirudi Ventoux. Siku hiyo upepo wa kileleni ulizidi kilometa 100 kwa saa, hata wakuu wa mashindano wakakata kilometa 6 za mwisho na kuweka mwisho wa safari pale Chalet Reynard. Watazamaji waliokuwa wametawanyika mlima mzima wakasongamana pahali pamoja, pikipiki ikakwama katikati ya watu, Froome na wenziwe wawili wakaigonga, baiskeli yake ikavunjika. Bwana yule akaanza kukimbia kwa miguu mlimani, na viatu vyake vya baiskeli, ulimwengu wote ukimtazama. Watu walicheka, lakini mimi naona jambo kubwa ni lile la kabla ya mbio: wenye mashindano, penye fedha nyingi na fahari nyingi namna ile, walitazama upepo wakasema hatufiki juu. Kama wao waliweza kusema hivyo, baba wa watoto wawili ashindwe?

Halafu iko habari ya Tom Simpson. Alikuwa Mwingereza, bingwa wa dunia wa mwaka 1965. Tarehe 13 Julai 1967, katika joto kali sana, alikuwa akipanda Ventoux huku tumbo likimsumbua siku kadhaa. Alikuwa ametumia dawa za kuchochea mwili, tena alikuwa amekunywa pombe kali. Dawa za namna hiyo haziongezi nguvu. Huzima tu ile kengele ya mwili inayosema imetosha. Yapata kilometa moja na nusu kabla ya kilele alianza kuyumba, akaanguka, wakamrudisha juu ya baiskeli, akaenda kidogo, akaanguka tena. Alikufa siku hiyo, umri wake miaka 29. Pale alipoanguka pana jiwe la ukumbusho, na wapita njia huacha chupa za maji na kofia zao za baiskeli. Mwaka 1970 Eddy Merckx wa Ubelgiji, mmoja wa mabingwa wakubwa kupita wote, alipopita hapo akiwa mbele ya wenzake alivua kofia yake kwa heshima. Alishinda siku hiyo, na alipofika juu ilibidi apewe hewa ya oksijeni.

Sikumwandikia mdogo wangu hayo ili kumtisha. Nilimwuliza swali moja tu: Mtoto wako wa kike akichoka, atakuambia? Maana namjua. Ni mtoto wa wale wasiosema. Atakanyaga mpaka midomo ikauke, ili baba asione aibu mbele ya wenziwe. Kijana wa kiume hulalamika mapema, na kwa hiyo ni rahisi kumlinda.

Hapo alinyamaza siku kadhaa. Alipojibu alikuja na silaha mpya, tena ya wasomi.

Yasemekana mtu wa kwanza kuandika habari za kuupanda Ventoux kwa hamu ya kuona tu alikuwa Francesco Petrarca, mshairi wa Italia. Siku zile Mapapa walikuwa wakikaa Avignon, naye aliishi huko. Katika barua yake asema alipanda tarehe 26 Aprili 1336. (Wataalamu wengine wanaona barua hiyo iliandikwa au kutengenezwa miaka mingi baadaye, lakini hilo haliharibu utamu wake.) Kabla ya kuondoka alisumbuka sana kuchagua mwenzi. Aliwapima rafiki zake mmoja mmoja: huyu mzito, yule mwepesi mno, huyu ana huzuni, yule ana furaha ya kuchosha. Nacheka kila nikisoma hapo, maana kila mwenye kupanga safari ya jamaa amefanya hivyo hivyo kimoyomoyo. Mwishowe akamchukua mdogo wake, Gherardo, na watumishi wawili, wakaanzia Malaucène.

Njiani walimkuta mzee mchungaji. Akawaambia kwamba yeye aliupanda mlima huo miaka 50 iliyopita akiwa kijana, na hakupata kitu ila uchovu, majuto, na mwili na nguo kuchanwa na mawe na miiba. Walipokataa kurudi, mzee akawaonyesha njia, nao wakamwachia nguo na vitu visivyohitajika. Kisha Gherardo akashika njia ya moja kwa moja, kali, akipita juu ya mgongo wa mlima. Petrarca akatafuta njia nyororo. Akajikuta anazunguka mabondeni, anateremka badala ya kupanda, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila alipomfikia ndugu yake alimkuta amekwisha pumzika. Akaketi akajikemea, akasema moyoni kwamba ndivyo alivyo hata katika mambo ya roho. Walipofika juu alitazama mawingu yaliyokuwa chini yake, milima ya Alpi, mto Rhône. Halafu akafungua kitabu cha maungamo cha Mtakatifu Augustino, alichopewa na mtawa mmoja Mwaugustino, na macho yake yakaangukia mahali panapowaonya watu wanaostaajabia vimo vya milima huku nafsi zao wamezisahau. Akafunga kitabu, akateremka bila kusema neno hata chini. Gherardo baadaye aliingia utawa wa Wakartusi.

Mdogo wangu akaniandikia: "Unaona, kaka? Aliyechagua njia rahisi ndiye aliyepotea. Sault ni njia ya Petrarca."

Nakiri kwamba jibu bora halikutoka kwangu. Lilitoka kwa shemeji, naye alijibu maneno mawili. La kwanza: njia za Petrarca zilikuwa zikiteremka, na njia ya Sault inapanda, kuwa ndefu si kupotea. La pili: Petrarca hakuwa na mtoto nyuma yake anayekanyaga baiskeli. Tangu siku hiyo Bédoin haikutajwa tena.

Basi, mpango uliobaki ni huu. Watapanda kwa Sault, Jumamosi iliyo karibu na sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, tarehe 14 Septemba. Juu ya kilele kuna kanisa dogo la Msalaba Mtakatifu, ambalo asili yake ni kanisa lililojengwa na Askofu wa Carpentras katika karne ya 15, na zamani watu wa vijiji vya chini walikuwa wakipanda kwa hija siku hiyo. Watoto walifurahi kusikia kwamba watu walipanda kwa miguu, na wengine bila viatu vya maana, kabla baiskeli haijazaliwa. Lavanda itakuwa imekwisha vunwa, jambo lililomsikitisha shemeji. Lakini mwezi wa Agosti haufai: joto ni kali, na tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, Sault hufanya sherehe kubwa ya lavanda, barabara zinajaa. Mwezi wa Novemba ukifika katikati hufunga barabara ya kileleni kwa ajili ya theluji, nayo haifunguliwi mpaka majira ya kuchipua. Septemba ndiyo yenye haki.

Wataondoka saa moja asubuhi. Mtoto wa miaka 10 katika mpando wa namna ile huenda kilometa 7 au 8 kwa saa, si zaidi. Chalet Reynard ni kilometa 20, na kwa mapumziko ya kila nusu saa watafika saa nne na nusu hivi. Jambo la kufurahisha ni kwamba sehemu ya mwisho kabla ya hapo ni karibu tambarare, hivyo watafika wakiwa na pumzi. Hapo watakula, watajaza chupa za maji, watatazama bendera na miti jinsi upepo unavyovuma. Kilometa 6 za mwisho zinapanda mita 8 katika kila 100, kwa hiyo wamejipa saa moja na nusu. Shemeji atatangulia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mwendo mmoja usiobadilika. Msichana nyuma yake, halafu mvulana, na baba mwisho. Baba akitangulia huwa anaongoza farasi, hajui kwamba gari limekatika nyuma.

Kuna suala la baiskeli zenye mota ya umeme, ambazo hukodishwa huko vijijini chini ya mlima. Mota husaidia miguu, haichukui nafasi yake. Shemeji alitaka kukodi moja kwa ajili yake, kwa sababu goti lake la kushoto si zuri. Mumewe alisema huo ni udanganyifu. Mimi nilisema Baba Askofu huja kigangoni kutoa Kipaimara kwa gari, na sijasikia Mkristo akisema kwamba Kipaimara kile ni pungufu. Amekodi.

Za wengine ni za kawaida zenye gia. Kwa wasiozijua: mbele pana gurudumu dogo la meno, nyuma pana kubwa, mnyororo ukikaa kwenye dogo la mbele na kubwa la nyuma, mguu huzunguka upesi na baiskeli huenda polepole, lakini moyo haupasuki. Nimewaagiza watoto waanze na gia hiyo ya wepesi tangu mwanzo, wasingoje kuchoka. Mvulana hupenda gia nzito kwa sababu ya sifa. Amefanyiwa jaribio: kila Jumapili baada ya Misa na chakula wamekuwa wakiendesha vilima vidogo vya jirani, kilometa 15 kwanza, halafu 20, sasa 30, na mara zote dada yake mwenye gia nyepesi humpita mwishoni. Hilo limemfundisha kuliko barua zangu tano.

Nimeandika zaidi juu ya kuteremka kuliko kupanda, maana kupanda humchosha mtu, bali kuteremka humwua. Watateremka kilometa 26, mwili ukiwa na jasho na upepo ukiwa baridi. Hewa hupoa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mwendo wa baiskeli huongeza baridi tena. Kwa hiyo kila mmoja atachukua koti lisilopitisha upepo, glavu, na shati kavu la kubadili pale juu, hata kama asubuhi jua linachoma. Mikono ikifa ganzi haiwezi kubana breki. Breki zibanwe kwa vipindi, mbele na nyuma pamoja, kisha ziachwe zipumue. Mwenye breki za mpira akizishika moja kwa moja mteremko mzima, rimu hupata moto na tyubu yaweza kupasuka. Kila kilometa 4 watasimama, waguse rimu kwa kidole, wahesabiane. Msomaji wa milimani, wewe mwenye kuteremka na gunia la mkaa na mtoto juu yake, maneno haya ni yako pia kabla hayajawa ya watu wa Ufaransa.

Tulibakiwa na shauri moja gumu kuliko yote, nalo ni la kurudi. Upepo ukiwa mkali pale Chalet Reynard, hapana mabishano: wote wanne wanageuka. Juu ya hapo hakuna mti wa kujikinga, na baiskeli yenye mtoto mwepesi husukumwa mpaka upande wa pili wa barabara penye magari. Lakini ikiwa hewa ni tulivu na mmoja tu ndiye amechoka? Mvulana aliuliza waziwazi: "Baba Mkubwa, kwa nini mimi nisifike juu kwa sababu ya mdogo wangu?" Swali la haki. Tukaamua kwamba msichana akisema imetosha, au akisemewa na uso wake, mzazi mmoja atabaki naye pale mkahawani, na mwingine atapanda na mvulana.

Mzazi yupi? Kila mtu alifikiri jambo hilo liko wazi, baba atapanda na mama atabaki. Mimi nikamwandikia mdogo wangu nikamwomba abaki yeye. Sababu zangu zilikuwa kwamba shemeji ana mota na hatachoka kumsaidia kijana. Tena binti anajua jinsi baba yake anavyokitamani kilele kile, na akijua kwamba ni baba atakayebaki, lazima yeye baba amwambie mapema, kwa kinywa chake, kwamba kubaki si adhabu. La sivyo mtoto hatasema kamwe kwamba amechoka. Ulinzi wa mtoto huyo hauko katika breki wala katika maji, uko katika sentensi hiyo moja.

Alikaa majuma mawili bila kunijibu. Shemeji aliniambia alikuwa akiosha baiskeli yake kila jioni, hata isipokuwa na vumbi. Kisha jioni moja, wakiwa mezani, alimwambia binti yake kwamba pale Chalet Reynard ana hamu ya kuketi na kunywa chokoleti ya moto, na akitaka mtu wa kuketi naye, yeye atafurahi. Mtoto alimtazama, akauliza kama anasema kweli. Akasema kweli. Siku iliyofuata, katika mazoezi yao ya Jumapili, msichana alisimama katikati ya kilima kwa mara ya kwanza tangu waanze, akasema ana kiu.

Sasa wanamalizia vitu vidogo: tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, pampu, funguo za spana, ndizi, mkate na jibini, kitambulisho cha kila mtu na namba ya simu ya dharura iliyoandikwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wa kila mtoto, kwa kuwa simu huweza kuzimika kwa baridi. Wamepata chumba cha kulala Sault usiku wa Ijumaa, ili wasiendeshe gari alfajiri. Baada ya kuteremka watapanda tena kidogo kuingia kijijini, kwa kuwa kijiji chenyewe kiko juu ya mwamba. Nimewaambia watoto mapema, wasije wakalia pale wakidhani safari imekwisha. Msichana ameniuliza kama huko kileleni kuna maji. Nimemjibu asiyategemee, ajaze chupa zake mbili pale Chalet Reynard, na ya kaka yake ya tatu pia.